Zamu yangu ya chai imefika, na mama naye anakuja

Shangazi shikamoo,

Naomba usinitaje jina, andika tu Mwenye Zamu wa Mbagala. Najua wenzangu wawili watatu wanasoma safu hii na wakiunganisha unganisha watanijua, ila nimefika mahali naona bora nijulikane kuliko kuendelea kukosa usingizi kwa ajili ya chai. Ndio shangazi, chai, usicheke.

Tuko wanawake tisa, tulikaa bweni moja kule mkoa wa Tanga tangu fomu wani mpaka fomu foo. Tulikuja kupatana tena WhatsApp mwaka jana mmoja wetu alipofiwa na baba yake, na tulipotoka kwenye ule msiba tukasema jamani tusiwe watu wa kukutana makaburini tu, tukapanga kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakunywa chai kwa mmoja wetu, saa 10 jioni, zamu kwa zamu. Ya kwanza ilikuwa Tabata. Nakumbuka kulikuwa na thamosi mbili, mihogo ya kukaanga na chachandu, na kachori kwenye hotipoti, basi, tukacheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Hiyo ndo chai niliyoipenda mimi.

Afu ikaanza kubadilika polepole. Wa tatu akaleta keki, sawa. Wa nne akamleta mtu wa dekoresheni, baluni na ule ukuta wa maua ya plastiki wa kupigia picha. Sa hivi hata haiitwi chai tena inaitwa haitii, ile "high tea" ya Kizungu, rangi ya nguo inatangazwa wiki mbili kabla, kuna fotografa, kuna visahani vya ghorofa tatu vina keki ndogondogo ambazo mtu anaogopa hata kuzishika. Ya mwezi uliopita ilikuwa Mbezi, na mwenyewe kasema imemtoka laki 6, kasema huku anacheka kama mtu anayezungumzia hela ya vocha.

Mimi zamu nimeshairuka mara mbili. Mara ya kwanza nilidanganya nasafiri. Mara ya pili nikasema mtoto anaumwa, na shangazi wiki hiyohiyo mtoto akaumwa kweli, malaria, tukalazwa siku nne, nikawa nakaa pale wodini najiambia Mungu kanisikia. Na hapo ndo nilipochanganyikiwa zaidi mana hao hao wenzangu walikuja kwa kupokezana, huyu kaleta uji, huyu supu, huyu kakaa na mtoto nikaoge, na bili ya mwisho wakachanga wakalipa bila hata kuniambia. Kwa hiyo siwezi kusema ni watu wa majivuno, hapana.

Sasa mimi ninapokaa ni chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita, uani tunapika wote, choo kimoja. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mimi niko mapokezi kwenye ofisi moja mjini, kwa hiyo wenzangu wakiniona ni yule wa kazini, nguo imepigwa pasi na kiatu kirefu. Na kuna kosa nililifanya. Sikukuu iliyopita nilipiga picha mbele ya nyumba ya mama mwenye nyumba, yeye nyumba yake iko mbele, ina geti jeusi na maua yamepanda ukutani, nikaiweka status. Wakaandika "hongera kwa mjengo mamii", mi nikaweka kopa mbili nikanyamaza. Mpaka leo sijasema chochote.

Zamu yangu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao na safari hii hakuna kuruka. Nimefikiria nikope kikoba laki 3, nirudishe miezi mitatu na riba asilimia 10, nikodi pale kwenye bustani moja wanapofanyia sherehe ndogondogo. Huyu wa Mbezi naye kaniambia pembeni, shoga kama kwako hakuna nafasi fanyia kwangu, mi sina neno. Mume wangu yeye kasema kama ni marafiki si waje tu wanywe chai, nitachomelea benchi jipya, basi kamaliza, kwake hilo ni jambo la benchi. Mara nyingine nawaza nijitoe tu kwenye grupu usiku watu wamelala.

Kuna kitu kingine sikutaka kuandika. Mama anakuja Dar kwa ajili ya kliniki ya magoti na atakaa kwangu wiki tatu, na hiyo Jumapili iko katikati. Mama yangu ni mchuma chai. Mashamba ya kule juu Amani, Muheza, amechuma tangu mimi sijazaliwa na bado anachuma, vidole vyake vya mkono wa kulia vina weusi wa majani ambao hautoki hata kwa limau. Nilipokuwa fomu tuu alikuja siku ya wazazi na malapa na kikapu, na vitumbua kwenye beseni kafunika kitambaa, mimi nikawaambia wenzangu huyu ni mama mdogo katumwa toka kijijini, mama mwenyewe yuko zamu hospitali, ni nesi. Alikuwa kakaa hatua chache tu anafungua kile kitambaa. Sijui kama alisikia. Hakuja tena mpaka namaliza shule, vitu alikuwa anawapa watu waniletee, mi nikajiambia ni nauli.

Juzi kanipigia anasema nimekufungia majani ya kiwandani, mazuri, tutakunywa na wale wenzio wa shule uliosema. Nikamwambia sikusikii mama mtandao mbovu. Nimefikiria siku hiyo nimpeleke kwa kaka Chanika nimwambie hapa kuna fundi anapaka rangi. Nikiwaza hivo tumbo linaniuma.

Shangazi nifanyeje?

Mwenye Zamu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, hujambo na mtoto hajambo? Malaria ya kulazwa siku nne si mchezo.

Sikucheka. Labda kidogo pale kwenye benchi, mana mumeo namuona kabisa kasimama na miwani yake ya kuchomelea kichwani. Ila kwa chai sikucheka, mana mimi mwenyewe ilishanitokea. Nikiwa binti wa miaka 24, Magomeni, ndo kwanza nimeolewa, walikuja mawifi zangu nikaazima kwa jirani vikombe sita vya maua na visahani vyake. Tuko katikati ya maongezi, wifi mkubwa anasifia vikombe, mtoto wa jirani kasimama mlangoni na kidole mdomoni, "mama anasema vikombe vyetu anavitaka, tuna wageni." Nilitamani sakafu inimeze. Mawifi walicheka ile chai ikawapalia, na mpaka leo nikienda kwao wananiuliza kama vikombe ni vyangu. Nakwambia hivi ujue unaandikia mtu wa namna gani.

Sasa tuongee. Ukiisoma barua yako kwa haraka inaonekana ni ya hela, laki 3 au laki 6, bustani au uani. Mimi nimeirudia mara mbili nikaona vikombe na baluni umevieleza kwa kirefu na raha kabisa, halafu mama kaja mwishoni, tena kwa kutanguliza "sikutaka kuandika". Nadhani zamu hii ingekuja mwezi ambao mama hayupo ungejikaza, ungenung'unika, ungekopa au usingekopa, ingepita. Kinachokunyima usingizi ni kwamba siku moja, sehemu moja, watakutana watu uliowaambia stori moja na mtu anayejua stori nyingine. Kama nimekusoma vibaya utaniambia.

Lakini nianze na hizo zako za juu juu, nazo zina uzito wake.

Unasema wenzio wamebadilika wamekuwa watu wa haitii. Wote? Kwa sababu katika tisa umenitajia mmoja aliyesema kwa mdomo wake katumia laki 6, na hata yeye hujui alizitoa wapi. Wewe kwenye status yako una geti jeusi na maua ukutani, na ukweli wake unaujua wewe na mama mwenye nyumba tu. Kwa nini uamini kwamba katika wanawake tisa ni wewe peke yako uliyeweka kopa mbili ukanyamaza? Sisemi wote wana madeni, sijui, na wewe hujui. Nauliza tu, kuna yeyote mliyewahi kukaa pembeni mkaongea hela kwelikweli, bila kicheko? Hebu jaribu kukumbuka nani huwa anawahi kuondoka, nani hapigi picha, nani aliwahi kuandika kitu kwenye grupu akakifuta. Huyo ndo wa kumpigia simu kwanza.

Na hilo jina la haitii wacha nikupe kichekesho, ila usiende nacho kwenye grupu kumnanga mtu. Kwa Waingereza wenyewe walioanzisha haya mambo, chai ya mabwanyenye yenye visahani vya ghorofa na keki ndogo ni chai ya alasiri, inasimuliwa ilianzia kwa mke wa bwanyenye mmoja mwenye cheo cha Duke wa Bedford kwenye miaka ya 1840 huko aliyekuwa anasikia njaa kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Haitii kwao ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi, mtu katoka kiwandani au mgodini anakaa mezani na mkate, nyama na chai nzito. Kwa hiyo katika nyumba tisa zote hizo yenye haitii halisi ni ya fundi wa kuchomelea anayerudi jioni na masizi. Basi, tuendelee.

Kikoba. Laki 3 na riba yake ni 330,000, ni kama 110,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Wewe ndo unajua mshahara wako na kodi mnalipa ya miezi mingapi, mi sitakupigia hesabu za nyumbani kwako. Nitakuuliza mawili tu. Hao wenzio wa kikoba wakikuuliza unakopea nini utawajibu nini, mana vikoba vingi vinauliza? Na zamu ikizunguka ikarudi kwako, miezi tisa tu ijayo, utafanya ya bei gani ukishafanya ya bustani? Ila sitaki uone nakataza. Kuna watu hukopa kwa ajili ya furaha yao moja wakalipa na hawajuti. Uzuri wa bustani ni kwamba hakuna atakayeona choo wala jiko, siku itapita salama. Ubaya wake ni huohuo, itapita, na lile geti jeusi litabaki kuwa lako, na safari ijayo watasema sasa tunaomba tuje nyumbani.

Kuhusu huyu wa Mbezi, mi nimemsoma tofauti na ulivyomsoma. Wewe umemuweka kwenye orodha ya mambo ya kukopa. Mimi nimesikia mtu anayesema "kama kwako hakuna nafasi", tena kasema pembeni, si mbele za watu. Inawezekana anajua. Inawezekana amejua siku nyingi na ile ni njia yake ya kukusitiri, au ni kweli anapenda tu nyumba yake ijae watu, wapo wa hivo. Ukikubali utakuwa mgeni kwenye chai yako mwenyewe, utaomba kijiko, utauliza sukari iko wapi. Si vibaya, mashoga wanafanyiana. Ila kabla hujamjibu ndiyo au hapana, ungeweza kumuuliza tu, shoga kwa nini umenipa ofa hiyo? Jibu lake linaweza kukupunguzia mzigo au likakuumiza, vyote viwili jiandae.

Kujitoa kwenye grupu usiku watu wamelala, hapo mwanangu nimekuonea huruma. Hao ndo walioosha beseni la mtoto wako wodini. Ukitoka bila neno watadhani kuna aliyekukosea, wataanza kutafutana mchawi. Kama ni kutoka, na mtu ana haki ya kutoka akichoka, toka mchana na ujumbe wa mistari miwili.

Haya, na kufanyia uani kwako? Wengi wangekuambia fanya tu, marafiki wa kweli hawaangalii nyumba. Mi sitakudanganya, wanaangalia. Watu wanane wakiingia kwenye uwanja wa wapangaji sita lazima macho yatembee. Jirani anaweza kufungulia singeli saa 10 kamili. Kuna atakayeuliza choo kiko wapi, na atakayeenda kusimulia kwa mumewe kwamba kumbe yule hana nyumba. Labda ni mmoja, labda ni wawili. Swali ni kama unaweza kuishi na huyo mmoja, na hilo ni wewe wa kujipima, nisikusukume mimi niliyekaa huku na kalamu yangu.

Ninachojua ni kwamba kugundulika na kusema mwenyewe mapema haviumi sawa. Mgeni akifika anatafuta geti jeusi akaambiwa zunguka nyuma, hapo umegundulika. Ila ukiwaandikia kwenye mwaliko kwamba jamani kwangu ni chumba na sebule, ile picha ilikuwa kwa mama mwenye nyumba na mlinipongeza nikaona haya kuwasahihisha, tutakaa uani kwenye mkeka na benchi jipya la mume wangu, njooni na kanga wala sina rangi ya nguo, basi anayekuja amekuja anajua, na asiyetaka atapata udhuru wake wa malaria kama wewe. Inatisha kuandika, najua. Unaweza usiiandike kwa wote, ukaanza na yule mmoja wa pembeni. Au ukachagua kutolieleza geti kabisa, ukawaelekeza tu njia, kila mtu akaelewa kimya kimya, Waswahili tunaweza hilo vizuri sana.

Ukiamua hivyo, wapangaji wenzio waambie wiki moja kabla, hasa yule wa singeli, na wapelekee sahani. Maji ya chooni jaza ndoo asubuhi. Sebule toa meza iingie nje.

Sasa mama.

Ningeweza kukuambia kwamba chai waliyokunywa Mbezi kwenye vile vikombe ilipita kwenye vidole kama vya mama yako. Ni kweli pia, mchumaji anakata majani mawili na chipukizi lake, siku nzima, na inataka kilo nne mpaka tano za majani mabichi kupata kilo moja ya majani makavu ya kutia kwenye sufuria, piga hesabu ya mgongo huo na magoti hayo anayokuja kuyatibu. Lakini hiyo nikikupa kama dawa haitakusaidia siku mtu atakapomtazama mama mkono wakati anapokea kikombe. Wewe hiyo hesabu unaijua kuliko mimi, umelelewa nayo na imekulipia ada. Kazi ya mama huioni ya aibu, nadhani. Unaona aibu kwa kile ulichokisema ukiwa na miaka 15, 16, na hicho kimekua na wewe.

Binti wa fomu tuu aliye bweni na watoto wa watu, mama katokea na malapa. Nani kati yetu hajawahi kumkana mtu wake kwa sekunde tatu? Mimi sikuhukumu kwa hilo hata kidogo. Ila umeniandikia sentensi mbili zimekaa karibu karibu, "sijui kama alisikia" na "hakuja tena mpaka namaliza shule", na katikati yake ukaweka nauli. Inaweza kuwa nauli kweli. Kushuka toka Amani mpaka Muheza halafu ukaunge mpaka shuleni, kwa mtu anayelipwa kwa kilo, nauli ni sababu tosha kabisa. Inaweza pia kuwa si nauli. Umekaa na hilo miaka mingi bila kuuliza, na mimi sitalijibu kwa niaba yake.

Kama alisikia, basi tazama anachokifanya sasa. Anakufungia majani na anasema tutakunywa na wale wenzio. Huyo ni mtu anayeomba kuwaona. Kama hakusikia, anaomba vilevile. Kwa njia yoyote ile fundi rangi wa Chanika atakuwa mara ya pili, na safari hii huna miaka 16. Sikwambii hivyo kukuchoma. Nakwambia kwa sababu tumbo lako lilishakuambia kabla yangu.

Unazo njia, na hakuna hata moja isiyouma. Unaweza kuomba wenzio zamu isogezwe mpaka mama aondoke, useme ukweli kwamba una mgonjwa wa magoti ndani, na si uongo. Utapata pumzi, na mama atakunywa majani yake na wewe tu, labda hiyo nayo ni chai nzuri, ninyi wawili kwanza. Atauliza wenzio wako wapi na utatakiwa kumjibu. Unaweza kumuacha akae nao, ukasema huyu ni mama yangu, ukaishia hapo. Kuna mmoja anaweza kukumbuka, "si ulisema ni mama mdogo?" Watu wa bweni wana kumbukumbu mbaya ya vitabu na nzuri ya mambo ya watu. Hapo utacheka, au utalia, au utasema nilikuwa mjinga, na mama atakuwa palepale anasikiliza kwa mara ya pili. Kwa hiyo kama ni njia hiyo, mi ningetamani mama asilisikie mbele za watu. Ningetamani alisikie kwako jikoni, usiku, mtoto kalala, umemkanda magoti na maji ya moto na chumvi. Hata kwa maneno machache, mama siku ile shuleni niliwaambia wale wenzangu wewe ni mama mdogo. Halafu unyamaze. Usimuombe akusamehe palepale, mpe nafasi naye. Anaweza kukuambia nilisikia. Anaweza kukuambia kumbe ni hilo tu, endelea kunikanda miguu inapata baridi. Anaweza kunyamaza siku mbili, na hizo siku mbili zitakuwa ndefu kwenye chumba na sebule. Sijui. Mama zetu wengine wanaamua wenyewe, anaweza hata kukuambia mimi siku hiyo nitakaa ndani, sipendi watu wengi, na utatakiwa umsikilize kama kweli hapendi watu au anakusitiri tena.

Na mumeo anajua hili la shuleni? Barua nzima sijaona ulipomwambia. Yeye kwake ni benchi kwa sababu ndo ulichomuonyesha. Mtu anayeweza kukaa upande wako siku hiyo, akampokea mama mkoba na akajua kwa nini mkono wako unatetemeka ukimimina chai, ni vizuri awepo hata mmoja.

Nikupe na ya jikoni kabisa nisiwe shangazi wa maneno matupu. Watu 10 au 11 vikombe viwili viwili ni kama lita 4 na kidogo, nusu maziwa nusu maji. Tangawizi usiitupie mbichi kwenye maziwa itakukatia sufuria nzima, niliwahi kumwaga lita 3 kwa ujinga huo. Itwange, ichemke kwenye maji peke yake mpaka harufu ijae uani, iliki na mdalasini, ndo maziwa yaingie, majani mwisho kabisa, ikichemka ikapanda mara mbili chuja. Thamosi zisuuze na maji ya moto kwanza. Kitafunwa kimoja cha moto kinachotoka jikoni watu wanakiona kinashinda vitano vilivyopoa.

Na mimi nawaza vitumbua, naomba unisamehe kama nimekosea kuwaza hivyo. Mchele ulowekwe Jumamosi usiku, usagwe asubuhi na tui zito, hamira na iliki, uumuke. Wale wenzio wa bweni walikula vile vya kwenye beseni siku ile, au mlivificha? Hujaniambia. Mama angependa kukaa kwenye kigoda anageuza na kijiti au magoti yatakataa, hilo muulize yeye, na muulize pia majani ya kiwandani yanataka kuchemka kiasi gani, mana yana ukali wake si kama ya pakiti.

Kikaango cha vitumbua unacho hapo, au mama atashuka nacho kutoka Muheza?

Shangazi